Kabla Hatujanunua Trekta Lingine

(Maneno aliyoyasema mwanachama wetu mmoja, fundi mitambo, kwenye mkutano wa wanachama waishio Dar es Salaam. Tumeyachapa hapa kwa kuwa trekta ndiyo kazi kubwa ya harambee ya mwaka huu.)



Katibu ameniomba nieleze namna ya kununua trekta lililotumika na namna ya kulitunza. Nitaeleza. Lakini siwezi kuanza bila kulitaja lile lililosimama nyuma ya ghala kule nyumbani, kwa sababu kila mtu humu ndani analifikiria, na wengine mnaona haya kulitaja mbele yangu. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu mliowatuma kwenda kulikagua.

Tulifika kwa muuzaji saa nne asubuhi. Trekta lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mpya, hata vichwa vya boliti vilikuwa vyekundu. Tulipoingia getini injini ilikuwa tayari inaunguruma. Muuzaji akasema ameliwasha mapema asitucheleweshe, na sisi tukamshukuru. Mimi fundi, niliyetakiwa kusema "zima, tukanywe chai mpaka ipoe," sikusema. Tulikuwa na tiketi za basi la saa saba. Tulilizungusha uwanjani, likaenda mbele, likarudi nyuma, likanyanyua plau, tukamhesabia fedha zote mpaka senti ya mwisho.

Yaliyofuata mnayajua. Lililima siku kumi na tisa. Likaanza kula oili, kila asubuhi likawa linasukumwa mtelemkoni ndipo liwake, na siku ya ishirini likakataa kabisa. Fundi wa Iringa mjini alipokuja alisema linahitaji kufunguliwa injini yote. Tukatazamana. Mfuko ulikuwa mtupu. Kuna watu walikuwa wamekwisha kulipia ekari zao, na mvua haikuwasubiri. Mama mmoja alikuwa ameuza mbuzi wawili kulipia ekari tatu. Mwaka ule alilima ekari moja kwa jembe la mkono. Mwanawe yumo humu ndani na mwaka huu ametoa mchango tena. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Sasa wapo wanaosema kosa letu lilikuwa kununua kuukuu. Mimi sisemi hivyo. Trekta si simu. Trekta zuri la miaka ishirini na mitano linaweza kulima miaka mingine kumi na mitano kama vyuma vyake ni vizima na likipata oili. Makosa yetu yalikuwa mawili: hatukulipima likiwa baridi, na tulimpa muuzaji fedha zote. La kwanza ni la kwangu. La pili ni letu wote, na ndilo ninaloliogopa zaidi mwaka huu, kwa maana nimesikia watu wakisema, "tukifikisha kiasi fulani tutapata trekta la kiasi hicho hicho." Naomba isiwe hivyo. Katika kila shilingi kumi tutakazochanga, saba ziende kwenye trekta na plau, tatu zibaki benki kwa ajili ya matengenezo ya kwanza, matairi, oili na mshahara wa dereva. Kama saba hazitoshi trekta tunalolitaka, tusubiri mwaka mmoja. Ni afadhali kusubiri huku tuna fedha kuliko kusubiri huku tuna chuma nyuma ya ghala.

Tuje kwenye trekta lenyewe. Ismani si wageni wa matrekta. Wazee wetu walikuwa wakilima mahindi kwa matrekta tangu miaka ya 1950, wakati sehemu nyingi za nchi hii zilikuwa hazijaliona. Yale Massey Ferguson 135 na 165 waliyotusimulia, baadhi bado yanafanya kazi mikoani. Lakini kwa kazi yetu 135 ni dogo: lina silinda tatu na nguvu za farasi zipatazo 45. Hata 240, ambalo ni zuri kwa kuvuta tela na kulima udongo laini, litahangaika na plau la sahani tatu kwenye udongo wetu ukiwa haujalowa vizuri. Linaweza, lakini litakuwa linafanya kazi likiwa limekaza meno muda wote, na mashine inayokaza meno haiishi miaka. Mimi ningetafuta 290 au ndugu yake 375. Yana silinda nne na nguvu za farasi kati ya 75 na 80. Mafundi wanayajua, na spea zake zinapatikana Iringa, Makambako, Mbeya na hapa Dar es Salaam.

Kuna ndugu yetu ameniletea picha za trekta dogo kutoka Japani, safi kabisa, bei nzuri, maandishi yote ya Kijapani. Sikatai, Wajapani wanatengeneza vitu vizuri. Lakini mengi ya hayo yalitengenezwa kwa mashamba madogo ya mpunga, na siku pampu ya maji ikifa tarehe 10 Desemba utaagiza wapi? Chagua trekta ambalo jirani analo. Likiharibika utaazima hata boliti.

Kukagua ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilieni hapa.

Mpigie muuzaji simu usiku wa kuamkia safari, umwambie asiliwashe. Ukifika, jambo la kwanza weka kiganja kwenye injini na kwenye bomba la moshi. Likiwa na joto, sema unarudi kesho, au kaeni mpaka lipoe. Injini ya dizeli iliyochoka huwa inajificha ikishapata moto. Ikiwa baridi haiwezi kusema uongo. Kabla ya kuliwasha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kitu, ya dizeli yote huwa nyeusi. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo gasketi au silinda hedi au kitu kikubwa zaidi kina kasoro. Fungua mfuniko wa rejeta uangalie juu ya maji: ukiona mafuta yanaelea, ni ugonjwa ule ule kwa upande wa pili. Halafu angalia chini ya trekta, ardhini. Kama limesimama hapo wiki nzima, ardhi itakuambia linavuja wapi.

Sasa liwashe. Linatakiwa kuwaka bila kupuliziwa kitu puani na bila kusukumwa. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni kawaida ukikoma mapema. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inaungua: ringi, silinda au valvu. Moshi mweusi likiwa na mzigo mzito si ajabu, lakini ukiwa mwingi bila mzigo ni pampu ya dizeli, nozo, au hewa haipiti. Injini ikiwa inazunguka, fungua kifuniko cha kumiminia oili. Ukiona moshi unapumua kwa nguvu kama chungu cha maharage, pistoni zinapitisha, na jiandae kununua ringi na silinda zake. Lile letu lingepumua hivyo. Sikufungua.

Watu wengi wakishasikia injini imekubali wanaanza kutoa pochi. Ngojeni. Injini ya Perkins inafunguliwa na kufungwa kijijini, chini ya mti, na fundi mwenye akili. Kinachomaliza fedha ni giaboksi, difu na haidroliki. Tembeza trekta kwa kila gia, moja moja, na ukiwa kwenye gia achia mafuta ghafla. Gia ikiruka yenyewe, meno yamekwisha. Panda kilima kidogo, au funga breki huku ukiachia klachi polepole: injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kuunguruma huku trekta limesimama, klachi inateleza. Kubadilisha klachi ya Massey maana yake ni kulipasua trekta katikati, vipande viwili. Kazi ya siku nzima kwa mafundi wawili wazoefu, na lazima muwe na jeki na magogo ya kutegemea.

Haidroliki ipimeni kwa plau, si kwa mikono mitupu. Nyanyua plau mpaka juu, zima injini, kaa ulitazame dakika kumi. Likishuka polepole sana si neno kwa mashine ya umri huo. Likianguka kama mlevi, kuna kazi. Pia nyanyua oili ikiwa baridi na urudie ikiwa imechemka baada ya saa moja ya kulima, maana pampu iliyochoka inanyanyua asubuhi na kukataa mchana. Kumbukeni kwamba kwenye Massey hizi pampu ya haidroliki iko ndani, inaoga oili ile ile ya giaboksi, na oili hiyo ni zaidi ya lita thelathini. Ikiwa na maji au mchanga, inaharibu pande mbili kwa wakati mmoja.

Mita ya saa usiiamini. Nyingi zimekufa, nyingine zimebadilishwa. Angalia vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvidanganya: pedali ya klachi imelika kiasi gani, tundu za chuma cha kuvutia tela bado ni duara au zimekuwa kama yai, pini za mikono ya nyuma zina mchezo kiasi gani. Nyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki uyatikise. Zungusha usukani, ukizunguka karibu robo kabla magurudumu hayajashtuka, vifundo vimechakaa. Na rangi mpya si dhambi, lakini pitisha kidole chini ya rangi hiyo, kwenye maungio ya bloku na kwenye kava la difu. Mahali palipochomelewa pana uvimbe hata pakipakwa rangi mara tatu.

Matairi ya nyuma msiyapuuze. Mawili mapya ni fedha ya kuumiza, na muuzaji anajua. Kama yana mipasuko ya ubavuni, yaingizeni kwenye bei. Nyumbani kwetu kuna miiba ya migunga, hilo wala si la kueleza kwenu.

Karatasi nitazipitia haraka kwa sababu Mwanasheria wetu atazisema vizuri zaidi. Namba ya injini na namba ya chesisi zisomwe kwenye chuma chenyewe na zilingane na kadi. Jina la kwenye kadi liwe la anayetuuzia, au awepo mwenye jina. Muulizwe kama trekta lilinunuliwa kwa mkopo, na kama lilikopewa aonyeshe barua ya kumaliza deni. Umiliki ubadilishwe TRA uwe jina la chama, si la mtu, hata akiwa mtu mwema namna gani. Malipo yapite benki.

Sasa limefika nyumbani. Siku ile kutakuwa na ngoma, na mtu atataka lianze kulima kesho yake. Lisilime. Wiki ya kwanza ni ya kumwaga oili zote, ya injini, ya giaboksi, ya difu, kubadilisha filta zote, kusafisha tangi la dizeli, kuzibua rejeta, kufungua beringi za magurudumu ya mbele na kuzipaka grisi mpya, kubadilisha mkanda wa feni na mipira ya maji hata kama inaonekana mizima. Hapo ndipo zile shilingi tatu zinapoanza kufanya kazi. Kuanzia siku hiyo historia ya trekta tunaiandika sisi, na hatutegemei tena maneno ya muuzaji.

Baada ya hapo, utunzaji ni mambo ya kila siku zaidi kuliko mambo ya fundi. Adui wa kwanza Ismani ni vumbi. Mnajua mnavyokuwa mkishuka kwenye basi la Mtera enzi zile za barabara ya vumbi. Injini inavuta hewa hiyo hiyo mchana kutwa. Kwenye mengi ya matrekta haya ya zamani hewa inapita kwenye bakuli la oili. Wakati wa kulima bakuli hilo lifunguliwe kila siku, na oili ikishakuwa tope imwagwe. Dakika kumi tu. Nimeona injini mpya kabisa ikifa ndani ya msimu mmoja kwa sababu mpira wa kupitishia hewa ulikuwa na ufa mdogo usioonekana.

Oili ya injini ni lita zipatazo nane. Kwa vumbi letu na umri wa mashine, mimi singengoja saa 250. Ningeimwaga pamoja na filta kila saa 150, yaani karibu kila wiki tatu za kulima kwa nguvu. Grisi ipigwe kila asubuhi kabla ya kazi, kila nipo, mpaka ya zamani itoke. Dizeli ya madumu iachwe itulie usiku mzima na ile ya chini isimiminwe kwenye trekta. Tangi lijazwe jioni na si asubuhi, maana tangi tupu usiku linatoa jasho ndani, na maji hayo yanakwenda kwenye pampu. Maji ya rejeta yawe safi, si ya kuchota kwenye dimbwi.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba trekta linaharibika zaidi likiwa limelala. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza kati ya Novemba na Desemba, na zikikata Aprili kuna miezi mingi ya kusimama. Liwekwe chini ya paa. Pedali ya klachi ikandamizwe na kukazwa kwa kipande cha mti, la sivyo sahani itashikana kwa kutu na siku mnayolihitaji gia hazitaingia. Waya wa betri ufunguliwe. Kila wiki mbili liwashwe mpaka lichemke sawasawa na kutembezwa kidogo. Kwa vile msimu ukiisha lipo na njaa ya kazi, livute tela la mahindi, lizungushe mashine ya kupukuchulia. Hiyo ni fedha pia.

Nimewaandalia hesabu ndogo. Plau la sahani tatu linakata upana wa karibu mita moja. Kwa mwendo wa kawaida, ukitoa muda wa kugeuza, ni kama ekari moja kwa saa. Siku nzuri ni ekari nane. Dizeli itakunywa kati ya lita sita na kumi kwa ekari, kutegemea udongo na visiki. Tukipata siku thelathini nzuri za kulima, ni ekari 240. Ni hizo tu. Kwa hiyo beringi moja ikilisimamisha siku tatu, tumepoteza ekari 24, na ekari 24 ni familia nane au tisa. Ndiyo sababu nataka sandukuni kuwe na filta za akiba, mkanda, mpira wa maji, nozo mbili, beringi za mbele na tyubu, kabla Novemba haijafika. Tukisubiri kiharibike ndipo tuchange kwenye kundi la simu, msimu utakuwa umepita.

Hesabu hiyo pia inatuonyesha kwamba haliwezi kulima kwa kila mtu. Tukubaliane mapema nani anaanza. Pendekezo langu: kwa kufuatana na eneo, siyo kwa kufuatana na jina. Trekta linalotoka upande mmoja wa kata kwenda upande wa pili kwa sababu mjomba wa mjumbe amepiga simu, linalima barabara. Na sisi wa Dar es Salaam ndio wabaya kwa simu hizo, tuseme ukweli.

Dereva. Tusimlipe kwa ekari peke yake, atakimbiza mashine na kuruka visiki. Apewe mshahara na nyongeza mwisho wa msimu kama trekta limemaliza zima. Awe na daftari: tarehe, saa, ekari, lita za dizeli, oili iliyoongezwa, kilichovunjika. Daftari lisomwe kila Jumamosi na watu wawili ambao si ndugu zake. Oili inayoongezwa ikianza kupanda wiki hadi wiki, injini inatutumia barua mapema na tunayo nafasi ya kuijibu. Na hakuna mtu kupanda kwenye madigadi, wala mtoto. Mzigo wowote uvutwe kutoka kwenye chuma cha chini, kamwe usifungwe juu kwenye toplinki. Trekta linaweza kunyanyuka mbele na kumlalia dereva kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi.

Mzee wangu wa meza ya mbele aliniuliza tulipokuwa tunakunywa chai kwa nini tusikope tununue jipya. Kwa mkulima mwenye ekari zake mia na mtaji, jipya linaweza kulipa. Kwa sisi, tunaochanga kwa hiari na ambao mwaka mmoja mvua inakata Februari, marejesho ya benki hayatajua kwamba mahindi yamekauka. Tujifunze kwanza kulitunza la bei tunayoiweza.

Na lile la nyuma ya ghala tusiliuze chuma chakavu bado. Nililiangalia mwezi wa sita. Difu yake ni nzima, mikono ya nyuma ni mizima, magurudumu ya mbele yanafaa. Kama tutanunua la aina ile ile, tayari tuna duka dogo la spea ambalo tulikwisha kulilipia.

Kamati ikikubali, nitakwenda kukagua mimi pamoja na mafundi wawili ambao si wa kwetu na hawamjui muuzaji. Tutalala huko huko ili tulione likiwashwa alfajiri, na safari hii hakuna atakayekata tiketi ya kurudi mapema. Nauli yangu nitajilipia mwenyewe. Mwanachama anayetaka kuja anakaribishwa. Avae nguo ambazo mkewe au mumewe hatazililia.